Mgonjwa Si Mhalifu
Hotuba iliyotolewa na maafisa wa uhusiano na umma katika mkutano wa polisi na wakazi wa mpakani

 

Mmezoea kutuona tukija hapa na habari za wizi wa mifugo, magendo na ajali za barabarani. Leo hatukuja na hayo. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya maradhi ya kuambukiza, na juu ya jinsi tulivyotendeana wakati maradhi hayo yalipotufikia. Twaona ni vema kuyasema haya sasa, wakati soko limejaa na mpaka u wazi, kuliko kusubiri siku ambayo kila mtu atakuwa na hofu na hakuna atakayemsikiliza mwenzake.

Ndugu zetu, mpaka wetu si ukuta. Wasamia wako Busia ya upande huu na Busia ya upande ule. Iteso wako Malaba ya Uganda na Malaba ya Kenya. Huko magharibi, Mpondwe, mtu hulala Uganda, akazika babu yake Kongo, akarudi kuvuna kahawa yake kesho yake. Mama mmoja huvuka asubuhi na kapu la nyanya na kurudi jioni na unga na sabuni. Kwa watu wa namna hii, neno "kufunga mpaka" lina maana ya kufunga jikoni.

Na mpaka ulifungwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia. Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi, Rwanda tarehe 14, Tanzania tarehe 16, na Uganda tarehe 21 ya mwezi huo huo. Tarehe 23 Machi, Uganda ilikwisha kuzuia abiria wote mipakani, ikabakiza malori ya mizigo tu. Tarehe 30 Machi ikatangazwa amri ya kukaa nyumbani, na kafyu kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shule, zilizofungwa kabla ya hapo, hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Wako hapa vijana ambao hawakurudi darasani tena, na wasichana waliokuwa wanafunzi mwezi Machi wakawa mama kabla ya shule kufunguliwa. Hayo nayo ni madhara ya janga, ingawa hakuna hospitali iliyoyaandika katika daftari lake.

Amri zile zilikuwa na sababu. Ugonjwa ulikuwa mpya, chanjo haikuwapo, na hospitali zetu zilikuwa na uwezo mdogo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020 uliwahesabia Waganda vitanda 55 tu vya wagonjwa mahututi vilivyokuwa vikifanya kazi katika nchi nzima, nchi yenye watu zaidi ya milioni arobaini. Mtu anayejua hesabu hiyo hawezi kuilaumu serikali kwa kuogopa. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kuzisimamia amri hizo tunapaswa kujiuliza: je, tulizisimamia kwa namna iliyowafanya watu waje kwa mganga, au kwa namna iliyowafanya wajifiche?

Tukiri ukweli. Mara nyingi tuliwafanya wajifiche.

Tutoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa kabla ya korona, nao ulipaswa kutufundisha mapema. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipokuwa ikiendelea mashariki mwa Kongo, familia moja ilikuwa inarudi Uganda kutoka mazishini. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuonyesha dalili, nao wakawekwa kando upande wa Kongo wasubiri kupimwa. Wengine katika familia hiyo waliondoka kimya kimya, wakavuka kwa njia ya miguu isiyo na kituo, wakaingia wilaya ya Kasese. Mtoto wa miaka mitano akafariki, kisha na nyanya yake.

Tusiwahukumu. Walikuwa wafiwa, wamechoka, na walikuwa na mtoto mgonjwa mikononi. Walitaka kufika kwao. Lakini tazameni jambo lililofuata. Walipofika hospitalini walipokewa kama wagonjwa. Wauguzi walijua la kufanya, kwa kuwa wahudumu wa afya wapatao 4,700 nchini walikuwa wamekwisha kuchanjwa kabla ya siku hiyo. Habari ilitolewa mara moja, majirani wakafuatiliwa nyumba kwa nyumba, na ugonjwa ule haukuenea kijijini. Kilichouzuia hakikuwa kizuizi cha barabarani, kwa maana ulikwisha kukipita. Kilichouzuia ni mgonjwa kufika mbele ya mtu aliyejiandaa kumpokea.

Mfano wa pili ni wa madereva. Mwezi Aprili na Mei 2020, sehemu kubwa ya wagonjwa waliogunduliwa nchini walikuwa madereva wa malori. Sababu yake mnaijua: ndio waliokuwa wakisafiri, na ndio waliokuwa wakipimwa. Anayepimwa ndiye anayeonekana. Lakini mitaani maneno yakageuka. Watu wakaanza kusema kwamba dereva ndiye ugonjwa wenyewe. Foleni ya malori kuelekea Malaba ilifika makumi ya kilomita. Mtu alikaa siku kadhaa ndani ya kichwa cha gari akisubiri majibu, hana pa kuoga, hana choo, na mama lishe aliyekuwa akimuuzia chakula kwa miaka kumi anamwekea sahani chini na kurudi nyuma.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba hili si geni. Ukimwi ulipogunduliwa Kasensero, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1982, wavuvi, wafanyabiashara wa mpakani na madereva ndio walionyoshewa kidole kwanza. Miaka ilipita, tukajifunza kwamba kidole hakiponyi mtu. Hata hivyo, korona ilipokuja tulikinyosha tena.

Lakini ndugu zetu, dawa zilizofika katika zahanati zetu miezi ile zilikuja na nani? Mafuta ya magari ya wagonjwa yalikuja na nani? Sabuni tuliyonawia mikono, unga tuliokula tukiwa tumefungiwa, vilipita katika mikono ya watu wale wale tuliowakataza kushuka garini. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule mgeni alikuja, na mwenyeji akapona, lakini mwenyeji hakumshukuru. Tunawaomba radhi madereva walio hapa leo. Baadhi ya maneno makali mliyoambiwa, mliambiwa na watu waliovaa sare kama hizi zetu.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi kwetu kuusema.

Katika miezi ile magari ya abiria yalizuiwa, bodaboda zikakatazwa kubeba watu, na magari ya watu binafsi nayo yakasimamishwa. Aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitalini alitakiwa kupata kibali kutoka kwa mwakilishi wa serikali wilayani. Usiku mmoja, katika kizuizi kimoja cha mpaka huu, ilifika bodaboda ikiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa, na mumewe akikimbia kwa miguu nyuma yake. Tuliisimamisha. Tukauliza kibali. Mwendeshaji akasema ofisi imefungwa tangu jioni. Mmoja wetu akasema amri ni amri. Mwingine akasema tumpigie mkuu. Simu haikupokelewa. Tukapiga tena. Mama yule alikuwa ameketi chini, ameegemea pipa la kizuizi, wala hakupiga kelele. Baada ya muda mkuu alipokea, naye akatuuliza kwa ukali kwa nini tunampotezea mama muda. Tukampandisha katika gari letu, tukampeleka.

Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hatujui kama mtoto yule angeishi iwapo tungeinua kizuizi mara moja. Daktari hakutuambia hivyo, nasi hatutadai tunajua. Tunajua tu kwamba nusu saa ile ilikuwa ya mama yule, nasi tuliichukua. Baadaye serikali iliruhusu wajawazito kwenda hospitalini bila kibali chochote. Ruhusa ile ilikuwa njema. Lakini askari mwenye macho hahitaji ruhusa ili atambue mwanamke anayejifungua.

Tumelisimulia hili si kwa ajili ya kujidhalilisha mbele yenu. Tumelisimulia kwa sababu kesho yake habari ilienea vijijini, na kwa wiki nyingi baada ya hapo wajawazito wa eneo lile hawakupita tena barabara kuu. Walipita mashambani. Wengine walijifungulia nyumbani. Na sio wajawazito pekee: mtu mwenye homa, mwenye kikohozi, mwenye kuumwa kifua, wote walijifunza kutuepuka. Hivyo sisi tuliowekwa barabarani ili kuzuia ugonjwa usienee, tukawa sababu ya ugonjwa kupita tusikouona. Mnaziita njia za panya. Kwenye njia za panya hakuna muuguzi, hakuna maji ya kunawa, hakuna wa kumpima mtu joto. Kila mtu tuliyemtisha akapita huko, tulimwondoa mbele ya mganga.

Sasa tuwageukie wahudumu wa afya, kwa maana wao walibeba mzigo kuliko sisi sote.

Mwezi Juni 2021, wimbi la pili lilipopiga, hewa ya oksijeni ilikuwa ikitafutwa kama maji wakati wa kiangazi. Wauguzi na madaktari walikabili swali ambalo hakuna binadamu anayestahili kulikabili peke yake: mtungi ni mmoja, wagonjwa ni wawili. Familia zilizokwenda hospitali binafsi ziliambiwa gharama za mamilioni ya shilingi, wakauza ng'ombe, wakauza kiwanja, na wakati mwingine wakarudi na maiti na deni. Muuguzi alipotoka zamu, jirani alimwambia asipite karibu na kisima. Mwenye nyumba alimwambia atafute pengine pa kuishi. Mchana aliitwa shujaa redioni. Jioni alikosa mtu wa kumsalimu.

Nchi hii ina mfano wa nini maana ya kubaki kazini. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, Daktari Matthew Lukwiya alikuwa kiongozi wa Hospitali ya Lacor. Wauguzi wake walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, na waliobaki walifikia hatua ya kutaka kuondoka. Alizungumza nao kama watu wazima, akawaachia uamuzi wao, naye mwenyewe akasema atabaki. Wengi wakabaki naye. Tarehe 5 Desemba mwaka ule naye akafariki kwa Ebola. Katika mlipuko ule waliugua watu 425, wakafa 224. Tunamkumbuka si kwa sababu alikufa, bali kwa sababu aliutambua ugonjwa mapema, akatoa taarifa bila kuchelewa, na hakumlaumu mgonjwa hata mmoja kwa kuugua kwake.

Tukiwaangalia watu kama hao, ndipo tunapoona aibu ya maneno tuliyoyatumia sisi. Tulisema "tumemkamata mgonjwa". Tulisema "ametoroka karantini", kana kwamba karantini ni gereza. Tulimpakia mtu mwenye homa nyuma ya gari la wahalifu, watoto wake wakitazama. Nani baada ya kuona hayo angekubali kusema kwamba kichwa kinamuuma?

Kwa hiyo, ndugu wananchi, neno letu la leo ni hili: mgonjwa si mhalifu. Tunataka mlishike, na tunataka mtushike sisi kwalo.

Lakini msituelewe vibaya. Kusema mgonjwa si mhalifu si kusema kwamba wakati wa janga hakuna uhalifu. Anayeuza cheti cha uongo cha kipimo ni mhalifu, kwa maana anauza kifo cha mtu asiyemjua. Anayepokea rushwa kizuizini ili msafiri apite bila kupimwa ni mhalifu, na akiwa amevaa sare kosa lake ni kubwa zaidi. Anayeiba dawa za zahanati au kuficha barakoa ili bei ipande ni mhalifu. Na mtu aliyepimwa, akaambiwa waziwazi kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza, kisha kwa makusudi akaenda kuuchanganya na watu, sheria ya nchi ina neno naye. Hatutafumba macho kwa hao. Tofauti ni kwamba hawa tutawatafuta, na mgonjwa tutamsindikiza.

Nanyi mna wajibu wenu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi ya mpakani hayamuumbui mwenye kuyaficha peke yake. Huumbua nyumba, soko na nchi jirani. Tangu korona ilipotulia, mmeona wenyewe. Mwezi Septemba 2022 Ebola ilizuka Mubende, ikadumu hadi Januari 2023, ikaua watu 55 miongoni mwa wagonjwa 142 waliothibitishwa. Mwezi Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura kwa sababu ya mpox, iliyokuwa imeanzia kuenea Kongo na kuvuka mipaka ya jirani zake. Hatusemi haya kuwatia hofu. Tunasema kwa kuwa ugonjwa mwingine utakuja, na utapita hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopita.

Basi tuwekeane ahadi mbele ya wazee hawa.

Sisi tunaahidi kwamba, katika kizuizi chochote tunachosimamia mpakani, mama mwenye uchungu, mtoto mgonjwa na mtu asiyeweza kupumua vizuri watapita kwanza, na maswali yatafuata baadaye. Tunaahidi kwamba hatutampakia mgonjwa katika gari la washukiwa. Tunaahidi kwamba askari atakayempiga mtu kwa kosa la kuugua au kwa kosa la kuogopa atashtakiwa kwa wakubwa wake, nanyi mtaambiwa matokeo. Tunaahidi kuwaacha wahudumu wa afya waseme kwanza, sisi tuwe nyuma yao, si mbele yao. Na tunaahidi kuzungumza na wenzetu wa upande wa pili mapema, ili aliyepimwa kule asiteseke kupimwa tena huku, na ili mgonjwa asiyevuka asiachwe katikati ya nchi mbili.

Ninyi tunawaomba mambo manne. Kwanza, mkimwona mtu mwenye homa kali, anayetapika damu au mwenye vipele visivyo vya kawaida, mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji au mwenyekiti wenu siku hiyo hiyo, msisubiri kesho. Pili, msipite njia za panya mkiwa na mgonjwa. Njooni barabarani, hata usiku. Tatu, msimfukuze muuguzi katika nyumba za kupanga, wala msimnyime dereva chakula. Nawaweni mikono, vaeni barakoa, kaeni mbali kidogo, lakini msimnyime salamu. Nne, mkisikia askari ameivunja ahadi tuliyoitoa leo, tuleteeni habari. Mkiona vigumu kuja kituoni, mwambieni mwenyekiti, au padri, au shehe, nasi tutazipokea kwake.

Wazee wetu, mnajua kwamba heshima ya mtu haionekani siku ya harusi, huonekana siku ya msiba. Mpaka nao ni hivyo. Hauonekani kuwa mpaka mwema siku ya soko, wakati kila mtu ana faida mkononi. Huonekana siku ambayo mtu anakohoa, ana hofu, hana kibali, na mbele yake wamesimama askari. Siku hiyo ikifika tena, tunataka mtu huyo atembee kuja kwetu, si kutukimbia.

Yule mama bado anaishi katika ukanda huu. Tulikwenda kumwona. Alitukaribisha, akatuwekea viti na chai, hakutulaumu hata kwa neno moja. Tulipoaga, alituomba jambo moja tu: kwamba mwanamke atakayefuata asiulizwe kibali. Tulimwahidi. Ahadi tuliyowapa leo ni ile ile tuliyompa yeye, nasi tunaiomba jamii hii itusimamie tuitimize.

 Sasa tunawakaribisha mseme nanyi, na tutaanza na madereva.